Kilima cha Upande wa Wanaume

Mama mkwe wangu, Bi Mashavu, alikuwa akiwaambia wageni kwamba mke wa mwanawe hata kuku akitaga humuuliza mbona leo kachelewa. Wageni wanacheka, mimi napanga vikombe. Sikatai. Mimi Mwamini sikujaliwa mdomo wa kufunga, na mume niliyepewa, Mshamu, hakujaliwa sikio la kufungua. Tumeishi hivyo hivyo mpaka mtoto wetu Zena amekuwa wa kusoma sekondari Ikwiriri.

Mshamu ni mwenyekiti wa kitongoji chetu, huku bondeni, ng'ambo ya mto ukitokea Mtunda. Tunalima mpunga, na mpunga unataka maji yapande yalete tope. Kwa hiyo mafuriko hatuyaogopi kama wanavyoyaogopa watu wa mjini. Yakija ya kawaida unapanda kwenye dungu lako, kile kibanda cha juu ya miti mirefu tunamokaa wakati wa kulinda shamba, unapika huko huko juu, unasubiri yashuke. Lakini ya mwaka juzi hayakuwa ya kawaida. Mto ulivunja kingo, ukajichimbia njia mpya, ukala miinuko tuliyoijua tangu utoto na kumwaga mchanga kwingine. Maji yalipokauka matete yakaota kila mahali, marefu kuliko mtu, na ukisimama katikati yake hujui uko juu au uko chini. Watu wazima walipotea njia ya kwenda mashambani kwao.

Basi masika haya redio ilipotangaza kwamba maji makubwa yanashuka, yatatufikia kesho yake, na watu wa bondeni wahame, hakuna aliyebisha. Shida ilikuwa tuhamie wapi. Njia ya kutokea barabarani ilikwisha kukatwa, mitumbwi tulikuwa nayo miwili tu, na kuvusha kitongoji kizima hadi nchi kavu ni kazi ya zaidi ya siku. Ilibidi watu wakusanyike kwanza mahali pa juu pa karibu. Palikuwa na pawili pa kuchagua, Namkoma na Kiwambo, pote matete matupu, na hakuna aliyeweza kuapa ni wapi palipobaki juu baada ya mto kuichezea ardhi.

Ramani ililetwa asubuhi ile. Aliyeitengeneza ni kijana anaitwa Ismaily, wa mradi mmoja wa mafuriko pale Kibiti. Mwezi mmoja nyuma alikuja akarusha droni juu ya bonde zima kupima ardhi iliyo chini ya matete, watoto wakamfuata siku nzima. Safari hii hakuweza kuvuka na pikipiki yake, na alikuwa na vitongoji vingine vya kuwahi, kwa hiyo alimkabidhi ramani Yassin, mvushaji wetu, huko ng'ambo.

"Kasema tuitundike ukutani," Yassin akatuambia. "Nikamuuliza, wewe unaona tuhamie wapi? Akacheka. Kasema kila kitu kimo humo, mwenye macho haambiwi tazama."

Mkutano ulikuwa barazani pa madrasa. Ukuta wa udongo, umelowa mvua ya siku tatu, ukigonga msumari unashuka na bonge lake. Mshamu akasema isiwe tabu, jambo la watu wote huwekwa katikati ya watu wote. Akaamuru itandikwe chini, juu ya mkeka. Sisi tukakaa kama tunavyokaa siku zote, wanaume upande wa ukutani, wanawake upande wa uani, ramani katikati yetu.

Lo, ilikuwa ramani nzuri. Imechapishwa kwenye turubai, haina mistari wala rangi za shuleni. Ilikuwa ya kijivu tupu, imejaa vivuli, na ukiikazia macho ardhi inainuka na kudidimia mbele yako kama unga kwenye sinia. Semeni, jirani yangu, alipeleka mkono apapase, akakuta turubai laini, akacheka peke yake. Kila mtu aliielewa papo hapo, hata asiyejua kusoma. Na hilo ndilo lililotaka kutuua.

"Mbona maandishi yako kichwa chini?" Husseini akauliza kutoka upande wa wanaume.

"Tunatafuta mahali pa kuhamia," Mshamu akamjibu, "hatusomi gazeti."

Watu wakacheka. Mshamu akasoma majina hivyo hivyo kwa kuinamisha shingo, akaweka kidole. "Namkoma hii hapa. Tazameni wenyewe kilima kilivyotuna. Na Kiwambo ndiyo hii, imezama kabisa."

Wanaume wakaitikia. Mimi nikatazama pale kilipo kidole cha mume wangu, nikaona bakuli. Shimo, kingo zake zinaonekana wazi, na katikati kweusi.

"Kilima gani?" nikasema. "Hapo uliposhika ni shimo, Baba Zena. Kilima ni hicho cha Kiwambo."

"Mama Zena, tafadhali."

"Tafadhali ya nini? Nina macho. Semeni, wewe unaona nini?"

Semeni akasema kwa sauti ndogo kwamba naye anaona pamezama. Wanawake wengine wakanong'ona hivyo hivyo. Ng'ambo ya mkeka wanaume wakatazamana, mmoja akasema basi leo moshi wa jikoni umewaingia wote kwa pamoja, wakaangua kicheko. Damu ikanichemka. Nikamgeukia Bi Mashavu. Yeye miguu ilikuwa imekwisha kumkatalia, kwa hiyo aliketi kwenye kigoda mbele yetu sote, tasbihi mkononi, anaitazama ramani bila kupepesa. Nilitaka aseme neno. Mama wa mwenyekiti akisema, wanaume husikiliza. Hakusema. Nikajisemea moyoni, tangu lini huyu akaniunga mkono mimi.

Mshamu alikuwa ameshapandisha mabega, na akipandisha mabega ndiyo basi tena. "Tunahamia Namkoma," akasema. "Na kwa kuwa naona watu wanaingizwa wasiwasi, mama yangu mzazi atatangulia. Kama pale ni shimo, mimi ningempeleka mama yangu shimoni?"

Nani angejibu hapo? Akambeba Bi Mashavu mgongoni hadi kivukoni. Bibi akatengeneza kanga yake kichwani, akasema Bismillahi, akakaa katikati ya mtumbwi. Yassin akapakia magunia ya mbegu na mbuzi wawili, akaingia na upondo, ule mti wake mrefu wa kusukumia mtumbwi, wakapotea kwenye matete. Hasira niliyokuwa nayo ilikuwa ya kunifanya nimtukane mtu mzima. Nikaishia kuligonga birika la chai ya wanaume mpaka likabonyea.

Lakini chai lazima wapewe. Wanaume walikuwa wamerudi barazani kupanga nani atafuata, nikapita na birika nyuma yao, jambo ambalo kwenye mkutano mwanamke halifanyi isipokuwa kwa kazi kama ile. Nikainama kwenye bega la Husseini nimmiminie. Jicho likaangukia ramani.

Shimo langu lilikuwa limejaa. Namkoma ilikuwa imetuna juu ya turubai, kilima cha haki kabisa, na Kiwambo imebonyea. Husseini akaruka, kumbe namiminia chai kwenye goti lake.

Sikumwomba radhi. Nikazunguka nikarudi upande wa wanawake. Shimo. Nikaenda tena kwa wanaume. Kilima. Semeni akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Mpaka dakika ile nilikuwa na hasira tu, na hasira ina raha yake, maana unajua wewe ndiye mwenye haki. Sasa niliona kwamba wanaume hawakuwa wakinikomoa. Walikuwa wakikiona kilima chao waziwazi, kama mimi nilivyoliona shimo langu. Basi ukweli uko upande gani? Na bibi yuko huko peke yake, hata kusimama hawezi.

Nikamwendea Mshamu. "Baba Zena, njoo ukae upande huu kidogo."

"Nikae kwa wanawake?"

"Kaa kidogo tu, utazame."

"Mwamini, watu wanahama. Acha mchezo."

Wakati ule ule Yassin akatokea kutoka kivukoni, magoti yana matope. Mshamu akamuuliza mbele ya wote pakoje Namkoma. "Pakavu kabisa," Yassin akasema. "Nimemkalisha bibi juu ya magunia, mbuzi wanakula."

Mshamu akanigeukia, akaniacha nisome mwenyewe usoni pake. "Shimo nalo ni kavu," nikamwambia, "mpaka maji yaingie." Kisha nikaweka birika chini, nikashika pembe ya turubai kwa mikono miwili, nikaizungusha ramani nzima mbele ya magoti yao.

Nilimwona Husseini akirudi nyuma taratibu kwa makalio mpaka mgongo ukagota ukutani. Yassin, ambaye hakuwa ameketi, aliinama akainuka, akainama tena. Mshamu alikuwa bado ameweka kidole juu ya Namkoma, na kidole kile sasa kilikuwa kimeingia shimoni.

"Irudishe," akasema.

Nikairudisha. Kilima kikapanda.

"Izungushe tena."

Nikaizungusha. Kikazama. Mzee mmoja akasema picha hii ina shetani, ichomwe. Mwingine akasema mpigieni aliyeileta. Husseini akapiga simu ya Ismaily, tukasikia sauti ya yule mwanamke akisema namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Akapiga tena, yule yule. Kila mtu akaanza kusema lake, wanaume wanashikilia walichoona kwanza, wanawake na wao safari hii hawanong'oni tena. Kuambizana kuko, kusikizana hapana. Mimi nilikuwa natazama matete ya kivukoni, yameanza kutikisika na upepo haupo.

"Tafuteni mto," nikasema. Hawakusikia. Nikapiga birika kwa kiganja. "Tafuteni mto! Namkoma na Kiwambo hatuzijui, zimegeuka. Lakini mto wetu tunaujua, na mto uko chini, haujawahi kupanda juu ya nchi. Uonyesheni hapo ulipo."

Nikairudisha ramani walivyoitandika wao. Wakainama. Mto hawakuuona. Penye mto palikuwa na kitu kirefu kilichotuna, kimejipinda pinda kutoka pembe hadi pembe.

"Hili ni tuta la barabara mpya," akasema yule aliyenicheka habari ya moshi.

"Barabara hiyo imepita kivukoni petu?"

Mstari ule ulipita pale pale palipoandikwa kivuko, ukaizunguka madrasa, ukaenda zake mashariki kama mto unavyokwenda. Walikuwa wametazama mto wao asubuhi nzima wakauona tuta. Nikaizungusha ramani, na lile tuta likadidimia likawa mfereji, na nadhani hata kipofu angeujua kuwa ni mto. Karibu na mfereji ule, kwenye bonyeo lake, kulikuwa na Namkoma.

Mshamu hakungoja. Alikuwa ameshasimama, ameshatoka, viatu ameviacha barazani. Nikamkimbilia.

Kivukoni maji yalikuwa yamebadilika. Yalikuwa mazito, rangi ya kahawa, yanabeba povu na matete yaliyong'oka na mizizi yake. Redio ilisema kesho. Yassin na Mshamu wakasukuma mtumbwi, na hapo Husseini akaja mbio, simu ameinyoosha mbele. Ismaily amepiga mwenyewe, kaona namba ngeni. Sauti yake ilikuwa ikija na kukatika.

"Mmeitandika chini? Nilisema itundikwe! Nani kakaa upande wa juu wa maandishi?"

"Wanaume," nikasema.

"Aliyekaa juu anaona kinyume. Mimi nimeweka mwanga utoke juu ya ramani, kwa sababu jicho linaamini mwanga hutoka juu, ndivyo lilivyozoea jua. Kivuli kikiwa upande wa chini, jicho linasema hapa pametuna. Kikiwa upande wa juu, linasema hapa pamezama. Ukikaa upande mwingine vivuli vimekugeukia, lakini jicho halijui, linaendelea kusoma vile vile..."

"Kijana," Mshamu akamkata, na sauti yake sikuwahi kuisikia hivyo. "Namkoma ni shimo au ni kilima?"

"Ni shimo, mzee. Msimpeleke mtu huko."

Siku hizi Ismaily huchora tofauti. Mto anaupaka rangi ya maji, na kila penye mwinuko anachora dungu dogo limesimama kwa miguu yake, maana dungu likiwa kichwa chini kila mtu ataona kwamba amekaa vibaya. Ni jambo zuri, nimemsifu kwa hilo. Siku ile sikuwa na sifa za kumpa mtu. Mshamu alimwambia Husseini awapeleke watu wote Kiwambo kwa mtumbwi wa pili, akamwomba Yassin upondo, kisha akaniona nimekwisha kukaa ndani.

"Shuka," akasema.

"Sishuki."

"Mama Zena, maji haya..."

"Nimesema sishuki. Piga upondo."

Akapiga. Matete yalitufunga pande zote, na maji yaliyokuwa yakipita katikati yake hayakutoka nyuma yetu, mtoni. Yalitoka mbele. Mto ulikuwa umezunguka kwa njia yake mpya na kuingia Namkoma kwa mgongoni, hivyo hata mtu anayetazama kivukoni asingejua. Upondo ukawa unazama mpaka karibu na mkono wa Mshamu. Mahali ambapo Yassin alishuka akakanyaga nchi kavu hatukupaona kabisa.

"Mama!" Mshamu akaita. "Mama, itika!"

Tukasikiliza. Maji tu. Akaita tena, na tena, na kila akiita sauti inapanda, mpaka ikawa sauti ya mtoto. Mimi nilikuwa nikigawanya matete kwa mikono, yananikata, sikusikia maumivu. Nilimchukia wakati ule, nasema kweli. Nilimchukia na kumhurumia kwa pamoja, na nilimwomba Mungu asinipe siku ya kumwambia nilikwambia.

Tulimsikia mbuzi kwanza. Mshamu akaelekeza mtumbwi kwenye mlio, matete yakaachana, tukamwona. Alikuwa ameketi juu ya magunia kama Yassin alivyomwacha, ila magunia hayakuonekana tena. Maji yalikuwa yamemfika kifuani. Kwa mkono mmoja alishika kamba ya mbuzi mmoja, anayeogelea mahali pamoja, na kwa mwingine alishika rundo la matete. Mbuzi wa pili hayupo. Midomo ya bibi ilikuwa ikitembea, anasoma dua.

Mshamu alijitosa na nguo zake. Maji yalimfika shingoni. Akampitishia mama yake mikono chini ya kwapa, akamwinua, mimi nikamvuta kwa kanga na kwa mabega mpaka akaingia, mtumbwi ukanusurika kupinduka. Mbuzi akavutwa mwisho. Mbegu za mwaka mzima tuliziacha zilipo.

Tulitoka kwenye matete tukaiona Kiwambo, na watu wamesimama juu yake, watoto, vyungu, magodoro, wote miguu mikavu. Husseini alikuwa akitupungia shati. Mshamu alipiga upondo huku machozi yanamtoka, na hakuyafuta. Nilikuwa nimemfunika Bi Mashavu kwa kanga yangu ya juu, nimemkumbatia ili apate joto, mwili wake wote unatetemeka kifuani kwangu.

"Nisamehe, mama," Mshamu akasema. "Sisi kule tuliona kilima. Wallahi tuliona kilima."

"Najua," Bi Mashavu akasema. "Sisi tuliona shimo."

Upondo ukasimama hewani.

"Na wewe pia?"

"Nilikaa upande wa mkeo. Alichokiona yeye ndicho nilichokiona mimi."

"Sasa mama," Mshamu akasema, akaanza upya. "Sasa kwa nini ulipanda mtumbwi?"

Bi Mashavu alimtazama mwanawe kama vile ameulizwa jambo ambalo hata mtoto analijua.

"Ulikuwa umekwisha kusema mbele za watu," akasema.

Mshamu akaketi chini ndani ya mtumbwi, kwenye maji yaliyoingia. Mkondo ulikuwa umeanza kutugeuza, kwa hiyo nilimlaza bibi taratibu ubavuni mwa mbuzi, nikauchukua upondo mikononi mwa mume wangu, nikatupeleka Kiwambo.